Msumari Mahali pa Pini

Kila Tinga alipotaka kuvuta gogo, ilimbidi kwanza auvue msumeno wake nguo zote. Sitii chumvi. Winchi aliyoletewa haikuwa na injini yake yenyewe. Ilikuwa fremu ya chuma, gurudumu la kuzungushia waya, na nafasi tupu pembeni iliyosubiri injini ya kuazima, na injini hiyo ndiyo ya msumeno wa mnyororo. Unafungua nati mbili, unatoa ulimi wa chuma, unatoa mnyororo wenye meno, unaviweka juu ya gunia visiingie mchanga, halafu unaufunga msumeno uliobaki kwenye winchi kwa bolti nne. Sasa una winchi, ila huna msumeno. Ukikumbuka kwamba kuna tawi hukulikata, shauri yako.

Na Tinga alikuwa hodari wa kusahau tawi. Ni mara ngapi wiki ile alifunga bolti zote nne, akaunyoosha waya hadi chini korongoni, akawasha, halafu akagundua kwamba gogo limenasa kwenye kisiki ambacho msumeno ungekimaliza kabla hujapiga chafya? Na msumeno uko wapi? Uko kwenye winchi. Basi ni kufungua bolti nne, kurudisha ulimi, kurudisha mnyororo, kukata, kisha kuanza upya. Msumeno wake wa pili ulikuwa umekufa tangu mwezi uliopita, umelala mezani kwa fundi ukingoja kipuri ambacho kila siku kilikuwa kinakuja kesho. Ilifika mahali Tinga akawa anaitukana winchi kwa sauti, yeye na ukoo wake wote wa vyuma.

Alikuwa na miaka hamsini na saba, na kazi ya msitu aliianza kabla hajaota ndevu. Jina la Tinga alipewa na wavuta kamba wenzake. Wakati ule magogo yalivutwa kwa mikono, watu wanane kwenye kamba moja, na yeye wakimweka mbele wanamhesabu kuwa watu watatu. Ukihesabiwa watatu kwa miaka zaidi ya thelathini, mgongo lazima ugome. Wake uligoma mwaka jana. Daktari alimwonyesha picha ya pingili zake ukutani na hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa: akivuta kamba tena, kuna siku atainama na hatainuka bila kubebwa. Jamaa mmoja aliyemhurumia akampa kazi ya kukaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa ghala, aandike namba za magari yanayoingia na kutoka. Tinga alikaa siku nne. Ya tano hakutokea, na wala hakuaga.

Hapo ndipo binti yake wa pili, fundi wa pampu za maji katika mji mwingine, alipomtumia winchi. Alijua baba yake hasomi vitabu vya maelekezo, akakaa akamwandikia kwa mkono kurasa mbili za herufi kubwa. Tinga alizisoma mara moja akiwa amesimama, akazikunja. Kilichomkaa kichwani ni habari ya pini. Kati ya injini na gurudumu la waya kuna kipini kidogo cha chuma laini, urefu wa kidole cha mtoto. Mzigo ukizidi, pini inakatika na kila kitu kinasimama. Imetengenezwa ikatike yenyewe ili waya usikatike. Binti alikuwa ameongeza chini, kwa kalamu nyekundu, kwamba asithubutu kuweka kitu kingine mahali pake, na kwamba pini ikikatika mara kwa mara ajue anavuta vibaya.

Hilo la kuvuta vibaya lilimchoma. Mtu amevuta tangu kabla mama yake huyo binti hajaolewa, leo aambiwe na kipande cha chuma kwamba hajui kuvuta! Lakini angefanya nini? Bila winchi alikuwa mtu wa kiti cha plastiki. Alilijua hilo kinagaubaga, na nadhani ndiyo sababu aliichukia zaidi.

Kazi yenyewe ilikuwa magogo ishirini na nne yaliyoachwa chini ya korongo na wakataji waliotangulia. Lori la kiwanda cha mbao lilikuwa linakuja Jumamosi. Mwenye kiwanda alimwambia Tinga kwamba Jumamosi magogo yasipokuwa kando ya barabara, ataleta trekta na watu wengine, na tangu hapo atakuwa akiwaita hao hao. Hakuwa na kiwanda kingine cha kwenda. Ikipotea kazi ya huyo, imepotea kazi ya msitu.

Hakuwa peke yake. Alikuwa na shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu mwembamba mpole aliyekuwa mwenzake msituni kwa miaka ishirini na sita. Winchi hiyo ni kazi ya watu wawili. Mmoja anabaki juu ambapo winchi imefungwa kwa mkanda kwenye mti ulio hai, anashika mkono wa msumeno na kuminya mafuta. Wa pili yuko chini na gogo. Anafunga mnyororo, anainua mkono kuashiria, na gogo likianza kupanda analifuata akiwa na mtaimbo, analiongoza lisiingie kwenye visiki. Kwa ajili ya mgongo, walikubaliana bila hata kuzungumza kwamba Tinga atakaa juu na shemeji atakuwa chini.

Wa chini ndiye anayetembea na waya. Waya uliokazwa ukikatika hauanguki chini kama kamba mbovu. Unaruka nyuma, na kilichoko njiani unakikata. Tinga mwenyewe ndiye aliyemfundisha shemeji, siku ya kwanza kabisa, kwamba kitu kilichokazwa hakikaribiwi. Kwenye winchi haiwezekani kutokaribia. Kilichokuwa kikimlinda shemeji pale chini ni ile pini, basi.

Jumatatu zilikatika pini tano. Magogo yalipanda matatu tu. Kila gogo lilikuwa likichimbia kichwa chake ardhini kama nguruwe, injini inalia, pini inakatika, kimya. Tinga anafungua kifuniko, anagongea nje vipande vya pini, anaweka mpya, anawasha, mikono imejaa grisi, nzi wamemjaa usoni. Shemeji alipanda mara mbili kumshauri. Kwanza alisema vichwa vya magogo vichongwe viwe mviringo, viteleze. Shauri zuri, isipokuwa kuchonga kunataka msumeno, na tumeshajua msumeno ulikuwa wapi. Ikabidi shemeji achonge kwa shoka, kichwa kimoja karibu nusu saa, huku Tinga juu akitazama saa yake na kusaga meno. Pili alisema watumie kapi, gurudumu dogo la kupitishia waya: waya ushuke hadi kwenye gogo, uzunguke kwenye kapi, urudi ufungwe mtini. Hapo winchi inavuta mzigo kwa nusu ya nguvu na pini haikatiki. Tinga alikataa. Kwa kapi gogo linatembea nusu ya mwendo, na huo mwendo wenyewe ulikuwa wa kinyonga. Alisema hawakuja msituni kuangalia gogo likiota mizizi. Shemeji alicheka, akarudi chini.

Jumanne ilikuwa vivyo hivyo. Kufika mchana zilikuwa zimekatika pini tatu. Ya tatu ilikatika gogo likiwa limebakiza hatua sita kufika juu, na lilipopoteza mvuto likateleza likarudi hadi lilikotoka, na shemeji akaruka pembeni. Tinga alikaa chini. Alitaka kulia, na simsingizii. Jasho, grisi, mgongo unaomwuma hata bila kuvuta kitu, Jumamosi inakuja mbio, na kikwazo ni kitu ambacho ukikiangusha kwenye majani hukioni tena.

Mfukoni alikuwa na misumari iliyobaki tangu Jumapili aliporekebisha mlango wa jiko. Alitoa mmoja, akaulinganisha na tundu la pini. Akaukata kwa koleo, akausukuma ndani. Ulikaa kana kwamba umezaliwa humo. Akajiambia ni kwa gogo hili moja tu, shemeji asihangaike kulifunga mara ya tatu. Akafunga kifuniko.

Gogo lilipanda. Lilichimba, likasita, injini ikanguruma, kisha likang'oa udongo na kuja zima zima. Tinga alihisi raha ambayo hakuwa ameihisi tangu enzi za kamba. La pili likapanda. La tatu likapanda na kisiki chake. Hakutoa msumari.

Ila kuna jambo lilitokea ambalo hakuliamua kwa kichwa. Tangu Jumatatu alikuwa akisimama kando ya winchi, wazi, waya ukipita mbele yake. Baada ya msumari alijikuta amehamia nyuma ya mti, shina likiwa kati yake na waya, mkono mmoja tu ukichomoza kuminya mafuta. Alijiambia ni kivuli. Na waya ulikuwa umeanza kutoa sauti mpya, nyembamba, kila unapokazwa. Jumatano jioni alipokuwa akiuzungusha, nyuzi mbili zilizokatika zilimchoma kwenye glavu. Akazikata kwa koleo lilelile.

Jumatano walivuta magogo saba. Wakati wa kupumzika shemeji alikaa kwenye gogo, akafuta uso, akasema kwamba sasa shemeji yake ameielewa mashine, na kwamba yeye tangu mwanzo alijua ni suala la kuzoeana tu. Alisema kwa moyo mweupe. Tinga akainamia chakula chake. Angeweza kumwambia pale pale. Alikuwa na nafasi, alikuwa na mdomo. Akamwambia wafanye haraka.

Alhamisi asubuhi Tinga alichelewa kwa sababu mgongo ulikataa kuamka naye. Shemeji, kwa wema wake, akaona amsaidie. Akaifunga winchi mtini, akafunga bolti zote nne, akafungua kifuniko apake grisi. Tinga alipofika alimkuta amechuchumaa, kifuniko kiko kwenye majani, mfuko wa pini uko wazi pajani pake.

"Hiki ni nini?"

Tinga akasema ni msumari.

"Tangu lini?"

"Tangu juzi mchana."

Shemeji alizihesabu pini kwa kidole, taratibu, ingawa zilikuwa sita tu. Alitazama kule chini korongoni, halafu akautazama mti, mahali majani yalipokanyagwa nyuma ya shina.

"Na tangu juzi mchana ndipo ulipohamia huku nyuma."

Tinga alianza kueleza. Alieleza habari ya pini kukatika kila saa, habari ya lori, habari ya gogo lililorudi chini likitaka kumwua shemeji mwenyewe, na yote yalikuwa kweli, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia akizama. Shemeji alimwacha amalize. Hakupandisha sauti.

"Shemeji, kule chini mimi sina mti."

Akauegemeza mtaimbo kwenye winchi, akavua glavu, akaziweka juu yake, akaondoka. Tinga alimwita mara mbili. Shemeji hakugeuka.

Siku ile Tinga alifanya kazi peke yake, kwa hasira zaidi kuliko akili. Aliutoa msumari, hilo nimpe. Akaweka pini. Akashuka na waya, akafunga mnyororo, akapanda, akawasha, gogo likanasa, pini ikakatika. Akashuka na mtaimbo, akalinasua, akapanda akijishika kiuno, akaweka pini. Kiguu na njia mpaka jua likaegemea. Hadi anaacha kazi alikuwa amepandisha gogo moja, amemaliza pini tatu, na mguu wake wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi kuanzia nyonga. Alikaa karibu na gogo hilo moja na kulitazama kwa chuki. Yalibaki mengine sita.

Nyumbani mkewe alikuwa ameshajua, maana shemeji alipita kumwachia dada yake kibuyu cha mafuta ya msumeno kilichokuwa kwake, na mtu harudishi kitu kama hicho bure. Mkewe alimwekea chakula, akakaa upande wa pili wa meza. Tinga akajitetea kabla hajaulizwa, akamwambia kwamba mashine hizi zina mambo ya kitaalamu.

"Mimi sikuulizi mashine," mkewe alisema. "Nakuuliza, ungekuja mlango huu huu bila kaka yangu, ungeniambia nini?"

Tinga alitazama mlango. Ni yeye aliyeurekebisha Jumapili, na misumari ilikaa vizuri. Akasukuma sahani. Mkewe hakumbembeleza ale.

Ijumaa asubuhi na mapema alipiga moyo konde, akaenda kwa shemeji. Alimkuta uani ananoa shoka. Njiani alikuwa amejitengenezea hotuba nzima, ina utangulizi na hitimisho, lakini alipofika ilimtoka. Akasema tu kwamba alikosea, kwamba alijua kuwa anakosea tangu msumari unaingia, na kwamba mwili wake ulijificha wakati mdomo wake umenyamaza. Shemeji aliendelea kunoa. Halafu akamwuliza yamebaki mangapi, Tinga akasema sita. Akamwuliza pini ziko ngapi, akasema tatu.

"Nitakuja," shemeji alisema. "Leo mimi nakaa juu. Wewe utatembea na gogo."

Tinga akafungua mdomo ataje mgongo. Akaufunga. Kutembea na mtaimbo si kuvuta kamba, na hata kama ingekuwa, hakuwa na uso wa kusema.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Shemeji alifunga winchi mtini, akaweka mfuko wa pini mfukoni mwake. Tinga alishuka korongoni shingo upande, kwa hatua ndogo ndogo, akishika matawi. Akafunga mnyororo kwenye gogo la kwanza, akainua mkono.

Hakuwa amewahi kusimama pale waya ukivutwa. Huo ndio ukweli, hata jana alishuka waya ukiwa umelegea. Waya uliinuka kutoka kwenye majani, ukanyooka, ukapita hatua moja kutoka kwenye paja lake. Aliona mahali alipokata zile nyuzi mbili. Sauti ile nyembamba aliyoizoea akiwa juu, huku chini ilikuwa nene. Gogo likasogea. Akalifuata na mtaimbo, akalielekeza, likapanda hatua kumi, kumi na tano, kisha likachimbia kichwa. Injini ikanguruma. Waya ukaanza kutetemeka.

Alitazama juu. Kutoka pale winchi haionekani, unaona mti na moshi kidogo. Kama kuna pini, kama kuna kitu kingine, huwezi kujua. Shemeji alikuwa mtu mpole, hajawahi kumdhuru hata mbuzi wa jirani aliyemlia mboga. Lakini hata yeye Tinga hakuwa amewahi kumdhuru mtu. Alitaka kupaza sauti amwulize ameweka nini humo. Mtu gani angeuliza swali hilo, baada ya yale? Akasimama na mtaimbo wake, injini inazidi kulia, na kwa mara ya kwanza tangu aione mashine ile akawa anaomba, kwa moyo wake wote, pini ikatike.

Ikakatika. Waya ukalegea, ukalala kwenye majani kama kamba ya kuanikia nguo. Injini ikazimwa. Tinga akajikuta amekaa juu ya gogo.

Halafu sauti ya shemeji ikashuka kutoka juu, tulivu kama kawaida yake.

"Shemeji. Nitafute msumari?"

Tinga alitaka kucheka, kicheko hakikutoka. Akasema aweke pini. Sauti yake haikufika hata nusu ya mteremko, ikambidi aseme tena.